Kikohozi Upande wa Pili

Mimi nilikuwa mkunja nyaya, si mwanamuziki.
Nisikilizeni hivyo hivyo.

Mwaka ule Mbayo Kyalwe alitufikia Kamalondo
kwa miguu, toka Katuba,
gitaa limefungwa ndani ya gunia la posho
lililonuka unga bado,
na kichwani kofia pana ya mchunga ng'ombe,
yeye ambaye hakuwahi kuchunga hata mbuzi.
Kofia aliinunua Ndola kwa mtu wa reli,
pamoja na santuri tatu za watu wa mbali
wanaoimba kwa puani habari za farasi, treni,
na mwanamke aliyeondoka.
"Treni tunayo," alisema. "Mwanamke ameshaondoka.
Kumebaki farasi tu."

Bendi ilikuwa kubwa wakati huo. Nyota za Mumbunda:
suti za rangi ya maziwa, tarumbeta nne,
motokaa mbili zao wenyewe,
na Dezire Kapend kwenye solo,
ambaye wasichana wa Ruashi waliandika jina lake
pembeni mwa daftari za hesabu.
Kapend alipiga mbio. Alipiga kama mtu
anayefukuzwa na mbwa wa bwana mkubwa.

Mbayo akaketi juu ya kreti la bia.
Kidole gumba na cha shahada, basi;
vingine vililala.
Akalegeza uzi mmoja mpaka ukakaribia kukata tamaa,
akapiga wimbo wa kambi,
wa wale walioshuka kazini kabla jogoo hajaamka,
polepole,
na ndani yake lile gari moshi la Ndola
linapanda kilima, halifiki,
halifiki.
Tarumbeta zikanyamaza moja moja.

"Rudilia," Kapend akasema.
Akarudia.
"Unachelewa."
"Miye shichelewi, leki. Niko nangoya."

Majuma matatu.
Walilala chumba kimoja nyuma ya baa,
bukari sahani moja, lutuku kikombe kimoja cha plastiki,
mpaka vidole vya Kapend navyo vikajifunza kungoja.
Nilivisikia siku vilipojua. Nilikuwa natafuta fyuzi.
Nikaacha kutafuta.

Kisha meneja akahesabu chupa,
akamwita Mbayo pembeni,
akampa nauli ya basi.
Ya kwenda Katuba! Alikokuja kwa miguu.
Kapend alikuwa uani, anakaza uzi
ambao haukuhitaji kukazwa.
Hakuinua kichwa.
Na mlango niliushika mimi.

Santuri ikatoka kiangazi.
Likasi waliicheza, Kolwezi waliicheza,
hata ng'ambo, Kitwe, waliinunua wasioelewa neno.
Watu wakasema: Kapend amekomaa, Kapend ameonja huzuni.
Kwenye jalada kuna jina la Kapend, la mpiga ngoma,
la fundi aliyeshona zile suti.

Lakini geuza upande wa pili.
Baada ya ubeti wa pili, kabla ya wa tatu,
pale gitaa linaponyamaza kidogo kuliko inavyostahili,
mtu anakohoa.
Mara moja. Kikavu.
Kikohozi cha miaka sita chini ya ardhi,
cha mtu aliyeketi juu ya kreti, karibu mno na maikrofoni,
akimtazama mwenzake asije akakimbia.
Utepe ulikuwa ghali. Hawakurekodi tena.

Mbayo alipokufa Kapend alituma taji la maua ya plastiki
kubwa kama gurudumu la lori.
Yeye mwenyewe alikuwa na dansi Kitwe usiku huo.
Wanasema alipiga vizuri sana. Sikuwapo;
nilikuwa nashika upande mmoja wa jeneza,
na kofia ilinishinda, upepo wa Agosti uliitaka.

Siku hizi natengeneza redio, meza yangu iko sokoni Kenya.
Vijana huniletea santuri za babu zao
niwahamishie kwenye simu.
Jana kaja mmoja, mpole, na upande wa pili mkononi:
"Mzee, hapa katikati kuna mtu anakohoa.
Niondolee."

Nikamwambia mashine yangu haiwezi.

Inaweza.